Ubao Begani

Huku Burslem, mtu akipatwa na jambo
huambiwa: kidevu juu, bata.
Bata ni mpenzi, ni jirani, ni dereva wa basi,
tumeitana bata tangu mji huu ulipokuwa tope tupu.
Bibi yangu Enid hakungoja kuambiwa.
Yeye kidevu alifundishwa na ubao.

Futi sita za msonobari, vikombe thelathini juu yake,
udongo mbichi bado, haujaonja moto,
ukipiga chafya vinapinda.
Alikuwa na miaka kumi na minne.
Karakana huku, tanuri kule, katikati ua wa mawe
na mvua isiyojua Jumapili.

Ada Mountford, meno matatu, aproni ngumu kama gamba,
alimtwisha ubao begani, akamwambia:
"Usitazame miguu. Miguu ina akili zake.
Tazama mlango unaouendea.
Na ukitaka kulia, lia,
ila shingo isijue."

Ngazi kumi na saba, ya tisa imelika.
Mkono mmoja ubaoni, mwingine unapima hewa.
Na siku zile hulipwi kwa ulichobeba,
unalipwa kwa kilichotoka tanurini kizima.

Aliteleza mara moja tu. Februari, barafu uani.
Vikombe vyote thelathini.
Anasema havikulia kama kioo:
udongo mbichi huanguka kama mfuko wa unga, puu,
basi.
Bwana Tranter akatoka na daftari, akakata mshahara palepale,
naye akasimama mbele yake, magoti yanavuja damu,
kichwa kikiwa bado kwenye kimo cha ubao,
ubao wenyewe uko chini, vipande viwili.
"Una kiburi, msichana."
"Sina, bwana. Ni shingo tu."

Mtaani walimwita mwenye maringo.
Anakwenda kununua chapati za shayiri
utadhani anakagua gwaride!
Tulipomzika babu Cyril, mapafu yamejaa
vumbi jeupe la kazi ileile,
wakanong'ona mlangoni mwa kanisa: hata chozi.
Mimi ndiye niliyemshika mkono.
Kiganja kilikuwa chepechepe.

Kisha ikaja Ijumaa ya barua.
Kiwanda kinafungwa, asanteni kwa utumishi wenu,
na chini yake sahihi ya mtu asiyejulikana na yeyote.
Nilikuwa ng'ambo ya barabara na begi la shule.
Wanaume walitoka wakihesabu viatu vyao.
Maureen Bloor alikalia ukingo wa njia, akalia kwa sauti,
na hakuna aliyemlaumu.
Enid alitoka wa mwisho,
mkono wa kulia umeinuliwa begani,
vidole vimekunjwa kushika kisichokuwepo.
Akavuka ua. Penye lango
akageuka ubavu kidogo, asigonge nguzo.
Mlinzi akarudi nyuma hatua moja,
akampisha, yeye na ubao wake.

Nikaona fahari. Nikaona, hivi ndivyo mtu anavyojikaza,
nikatembea nyuma yake hadi nyumbani
na begi langu nimelipandisha begani.

Usiku nilishuka kutafuta maji.
Taa ya jikoni, birika baridi,
kikombe chake kimoja, chenye kasoro ya rangi,
walichomuuzia kwa senti kwa sababu hakikufaa dukani.
Hakuniona.
Akavuta kiti. Akaitazama meza muda mrefu,
kama anayepima kama itahimili,
kisha akakishusha kichwa
jinsi unavyoshusha ubao uliojaa:
mwisho huu kwanza,
halafu ule,
polepole, kwa mikono yote miwili,
pasivunjike kitu.

Nikapanda ngazi bila kuwasha taa.
Sikutazama miguu.